Chumba Kilichosema Anarudi

Mshono ulikuwa umeongezeka. Si sana, urefu wa kidole tu. Mtu mwingine angepita zake akipiga mwayo, maana nani duniani anakagua mshono wa gauni ambalo halijaisha? Ila Mpambaji hakuwa mtu mwingine. Kupamba vyumba vya sinema ndiyo ilikuwa kazi yake, na kila asubuhi alihakikisha kila kitu kimekaa pale pale kilipolala jana, maana kikombe kikisogea kidogo tu kati ya picha na picha, mtazamaji ataona kikombe kinachotembea chenyewe na atacheka mahali pa kulia. Kila jioni alikipiga chumba picha kwa simu. Kila asubuhi alilinganisha.

Kwenye picha ya jana, sindano ya cherehani ilikuwa imezama kwenye kitambaa cha samawati, chini kidogo ya kwapa. Chumbani, sindano ilikuwa imeshuka kuelekea kiunoni, na nyuma yake ulitambaa mshono mpya, meno yake madogo madogo, umenyooka kama mtu aliyeupiga alikuwa na raha.

Na cherehani ile haikuwa na mkanda. Aliutoa mwenyewe. Cherehani bila mkanda ni meza yenye sindano, haishoni hata ukiibembeleza.

Ngoja nikupitishe ndani kabla hujaanza kujifanya jasiri.

Chumba cha sinema kina kuta tatu. Mahali pa ukuta wa nne huwekwa kamera, na nyuma ya kamera umekaa wewe na bisi zako. Hiki kilijengwa ndani ya ghala kuukuu kwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya majani makavu, na ukikiegemea kwa kiwiko kinatikisika chote. Madirisha ya ghala yalizibwa kwa vitambaa vyeusi. Kwa hiyo nje ni asubuhi, jua linakaanga mabati, ndani ni magharibi: taa moja kubwa, imefunikwa karatasi ya rangi ya chungwa, imelazwa chini upande wa dirisha. Jua lilikuwa linazama chumbani humo tangu seti iliposimama, na halizami. Wenye vyeti wana majina marefu ya mambo haya, tuwaachie wenyewe. Taa ukiiweka juu ya utosi wa mtu, huyo ni mtuhumiwa. Ukiiweka chini ya kidevu, ni mchawi. Ukiilaza ubavuni ikamwagika ukutani kama chai, huyo ni mtu anayesubiri. Sikudai ada.

Mwongozaji wa sinema hiyo aliitwa Bwana Kata, kwa sababu neno hilo alilisema mpaka usingizini, na mkewe alikuwa tayari kutoa ushahidi. Sinema yake ilikuwa ya mume anayemngoja mke aliyetoka, mpaka mwisho mlango unafunguka na mke anaingia.

"Sitaki mtu aseme kitu," alimwambia Mpambaji siku ya kwanza. "Chumba ndicho kiseme. Mtu akitupa jicho tu ajue huyu mama katoka kidogo, anarudi."

"Nitakisemesha."

"Unajibu utadhani unacho mfukoni."

"Ninacho nyumbani."

Hakuwa anatania. Mke wa Mpambaji alikuwa fundi cherehani. Homa ilimwondoa kwa siku chache tu, na tangu azikwe, mumewe hakuwa amegusa kitu chake chochote. Sasa alivibeba vyote akavileta ghalani. Pazia la njano, nusu limefunguliwa, kama mtu alichungulia mvua kabla ya kutoka. Kikombe cha chai kilichofunikwa kisahani ili isipoe. Kandambili zilizogeuziwa visigino mlangoni, ili anayeingia atumbukize miguu bila kuinama. Mito miwili kitandani, mmoja ukiwa bado na bonde la kichwa. Na cherehani, na gauni la samawati ambalo marehemu aliliacha likiwa chini ya sindano. Alikuwa anamshonea mdogo wake, alivae siku atakayokwenda kujaribiwa uigizaji. Mdogo mtu akaenda na gauni la kuazima, akapata. Ndiye aliyekuwa anacheza mke katika sinema hii hii.

Alipokiona chumba, shemeji huyo alisimama pale pasipo na ukuta.

"Shemeji, hii si seti. Umehama."

"Ni kazi tu, shemeji."

"Kazi gani ina harufu ya dada?"

Kweli ilikuwa na harufu: kitambaa kilichotoka kwenye pasi, na mafuta ya mashine. Mpambaji akasema ni vitu vya zamani, vinatunza harufu. Jibu zuri. Mimi pia ningelikubali, kama pasi ingekuwepo.

Baada ya mshono kuongezeka, mambo yakaanza kuja moja moja, kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu.

Mpiga kamera, waliyemwita Jicho, ndiye pia aliyevaa vifaa vya kusikilizia sauti. Katikati ya ukimya wa mazoezi aliinua kichwa. "Nani anashona?"

"Masikio yako yana njaa," Bwana Kata akamwambia.

"Bosi, nasikia kanyagio. Linakwenda, linapumzika, linakwenda."

Wakavivaa vile vifaa mmoja mmoja, wakasikiliza, wakavivua bila kutazamana.

Kisha shemeji akaanza kulalamika baridi, ndani ya ghala ambamo watu walikuwa wanajipepea na makaratasi. "Hapa ubavuni," alisema, akijishika chini ya kwapa. "Kama nimelalia sakafu." Kwenye skrini ndogo ya kamera, ubavu huohuo haukushika mwanga. Jicho alibadilisha balbu, akasogeza taa, akatukana waya. Mwanga ulimfika msichana, ukamteleza, ukaenda kukaa ukutani nyuma yake. Na kule ukutani kivuli chake hakikusimama kama yeye alivyosimama. Yeye alikuwa wima mlangoni. Kivuli kilikuwa kimeketi, kimeinama, kichwa karibu na mikono, na mikono ilikuwa inasukuma kitu mbele polepole.

"Nimechoka tu," Jicho alinong'ona, akafuta kioo kwa shati.

Mpambaji alikiona. Akakitambua kwa shingo.

Wenzake walipokwenda kula mchana huo, alisema atabaki alinde vitu. Alikaa kwenye kiti cha mume wa kwenye sinema, mgongo kwa kamera, kisha akaigeuza ile skrini ndogo imwelekee. Kwa macho yake chumba kilikuwa kitupu. Kwenye skrini mgongo wa mwanamke ulikuwa umeinama kwenye cherehani, na kilemba kimelegea upande mmoja kama kawaida yake, na lile kanyagio lisilo na mkanda likaanza kwenda chini juu, chini juu, bila haraka, na harufu ya pasi ikamjia kwa nguvu kiasi kwamba alifumba macho, na alipofumba ndipo sauti ikatoka, ya chini, yenye pini mdomoni.

"Umekonda."

Mpambaji akajishika shavu.

"Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Ndiyo maana."

Akacheka, na kicheko kikamgeukia kifuani kikawa kitu kingine. Alitaka kuuliza uko wapi. Hakuuliza. Mtu akiota ndoto nzuri hajifinyi.

"Mdogo wangu?"

"Yupo. Kazi alipata."

"Basi alivae hili. Nimechelewa kidogo tu."

Siku zilizofuata kila chakula cha mchana kilimkuta hapo. Mshono ukazunguka kiuno, na kiuno cha shemeji kikafa ganzi. Bega la kulia likashonwa, na bega la kulia la shemeji likawa jeupe kama lililolala kwenye barafu. Nisikufiche, Mpambaji alijua. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuwa anaficha ya kwake. Msichana alimjia akitetemeka, naye akamwambia, "Kunywa kitu cha moto, shemeji." Akamtazama usoni akiwa anatafuta, katika pua na nyusi zile, mtu mwingine.

Ikafika siku ya kupiga picha ya mlango. Mke anaingia, anakiona kikombe chake, anakichukua kwa mkono wa kulia. Basi. Asubuhi hiyo gauni lilikuwa na mkono wa kulia mzima, umekamilika mpaka kwenye upindo.

Mlango ukafunguka. Shemeji akaingia, taratibu, vizuri sana, akanyoosha mkono. Waliokuwa wanamtazama kwa macho waliona mkono. Waliokuwa wanatazama skrini waliona msichana ambaye bega lake liliishia hewani, na kikombe kikajiinua mezani peke yake, kikapanda na kisahani chake kikitetemeka juu yake, kikasimama hewani mbele ya midomo yake, kisha kikaanguka.

"Kata," alisema Bwana Kata, kwa sauti ambayo mkewe hajawahi kuisikia.

Shemeji aliutazama mkono wake uliokuwa unaning'inia. "Siuhisi," alisema. "Jamani, siuhisi."

Jicho alikuwa na shangazi yake, mganga wa majini. Alikuja kesho yake na mkoba wa sokoni. Bwana Kata alikuwa anangojea hirizi na moshi, shangazi akatoa miwani. Hakuingia chumbani. Alivuta kiti akakaa nyuma ya kamera, kama mtazamaji, akakisoma chumba kwa muda mrefu.

"Nani alikipamba?"

"Mimi," Mpambaji alisema.

"Kikombe kimefunikwa kwa nini?"

"Chai isipoe."

"Ya nani?"

Mpambaji akageukia kandambili.

"Na hizi kandambili nani anazivaa? Na huu mto wa pili? Na hili jua, mwanangu, mbona haliwi usiku?" Akavua miwani. "Kuvunja milango ni kazi ya wezi. Jini akikuta nyumba ambayo kila kitu ndani yake kinasema karibu, anaingia anakaa. Nikichoma ubani hapa nitajichosha. Mimi namwambia toka, vyombo vyote vinamwambia keti."

"Si jini. Ni mke wangu. Anaongea kama mke wangu."

"Anaongea kama chumba chako. Jini anajua alichoonyeshwa. Umemwonyesha mke aliyetoka kidogo, amekuwa mke aliyetoka kidogo. Umemwonyesha gauni lenye vipimo vya msichana huyu, analimalizia."

"Aliniambia nimekonda."

"Macho anayo." Shangazi akamgeukia shemeji, aliyekuwa amejikunyata na blanketi. "Hamchukii huyu. Anamvika tu. Ila anamvika ubaridi wake mwenyewe. Mkono wa kushoto ukiisha, kola ikafungwa, huyu atakuwa amevaa sanda."

"Dawa?" Jicho aliuliza.

"Chumba kibadilishwe, kiseme kweli. Kiseme harudi. Na akibadilishe yeye aliyekipamba, mkono mwingine hautasikilizwa."

Mpambaji alitikisa kichwa. "Nipeni leo tu. Nimuage."

"Ulishamuaga makaburini," shangazi alisema.

"Makaburini nilikuwa napokea wageni."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Ndipo shemeji akainuka na blanketi lake, akaja kusimama mbele yake karibu kabisa.

"Shemeji. Niangalie."

"Nakuangalia."

"Huniangalii. Tangu msiba ukinitazama unapita, kama mimi ni dirisha. Mimi pia dada yangu alikufa. Mimi pia nikipita dukani nikaona kitambaa cha samawati nageuza njia. Lakini mimi nipo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sitaki kufa, shemeji. Nina baridi."

Mpambaji akaingia chumbani.

Alianzia kwenye taa. Alikuwa fundi, na fundi anajua neno la kwanza la chumba ni mwanga. Akaibandua ile karatasi ya chungwa, na magharibi yote ikatoka ukutani mara moja, ukabaki mwanga mweupe, mkavu, wa mchana usio na huruma, ambao chini yake rangi ya kuta ilionekana ni rangi tu na mbao ni mbao.

Kanyagio likaanza.

"Mbona mwanga mkali hivyo?" sauti iliuliza. "Sioni tundu la sindano."

Hakujibu. Alilishusha pazia la njano, akalikunja. Aliokota kandambili, akazikung'uta vumbi kwa mazoea, akazitia kwenye gunia, na sauti ikamuuliza kama anataka mkewe atembee miguu mitupu, naye akaendelea, akakichukua kikombe kipya walichokuwa wameweka mahali pa kile kilichovunjika, akamwaga chai kwenye ndoo, akakifudikiza, na kila kitu alichokitoa cherehani ilizidi kwenda mbio, kana kwamba aliyeketi pale ameona wingu la mvua na nguo bado ziko kambani, na kwenye skrini Jicho aliona mkono wa kushoto wa gauni ukishika bega, ukiteremka, ukipita kwapa, na nyuma ya kamera shemeji alianza kuvuta pumzi kwa vipande vipande huku shangazi akimsugua vidole, na vidole vikazidi kuwa vyeupe.

Mpambaji aliinua mto wenye bonde. Akaupiga kofi, kama watu wanavyopiga mito asubuhi, na bonde likajaa.

"Utalalia mmoja?"

"Nitalalia mmoja," alisema. Akautia kwenye gunia, akausogeza uliobaki katikati ya kitanda.

Ikabaki cherehani. Aliisogelea akiwa na mkasi, mkasi wa mkewe, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya pasi ilivyomzunguka, na joto, kweli joto la mtu aliyekaa muda mrefu mahali pamoja, likamgusa mapajani, na ingawa macho yake hayakuona mtu aliinamisha mkono wake kwa namna ile aliyokuwa akimwekea begani akitaka kumwambia kumekucha hujalala, na mkono ukatua hewani, ukakaa, haukuanguka.

"Ngoja," sauti ilisema, chini kabisa. "Nimebakiza mkono mmoja. Ngoja nimalizie, mume wangu. Mdogo wangu atavaa nini?"

"Kiwiko," Jicho alinong'ona. "Umefika kiwikoni."

"Atavaa tu," Mpambaji alisema. "Ana nguo."

"Nimechelewa kidogo tu."

"Hukuchelewa." Akafungua mkasi. "Umekufa, mke wangu. Hurudi."

Neno hilo alikuwa hajalisema hata siku moja. Wageni waliliimba msibani mpaka likachakaa, yeye hakulisema. Akakata uzi.

Kanyagio liliendelea kidogo, bure, kisha likapunguza mwendo, likapunguza, kama linavyofanya fundi akiondoa mguu. Mpambaji akainua sindano ikatoka kwenye kitambaa. Akatandaza shuka juu ya cherehani. Chumba sasa kilikuwa na kitanda, mto mmoja, kikombe kilichofudikizwa na kitu kilichofunikwa. Hata Jicho, ambaye hajawahi kulia kwa ajili ya fanicha, aligeuza uso.

Harufu iliondoka. Shemeji alitoa mkono kwenye blanketi akaufumba, akaufumbua. Kwenye skrini mwanga ulimshika uso mzima, mpaka vinyweleo. Shangazi akatia miwani mkobani.

"Ameondoka," alisema. "Gauni msilichome. Lifumuliwe mishono yake, kitambaa kifuliwe, apewe mhitaji."

Mpambaji alikaa kwenye kiti cha mume na gauni mapajani, akaanza kulikunja. Akaugeuza ule mkono wa kulia nje ndani, ili ukunjike vizuri. Hapo mikono yake ikakoma.

Mke wake alikuwa na siri yake moja, aliyomwambia mumewe peke yake, taa ikiwa imezimwa, wote wawili wakicheka. Kila nguo aliyomshonea mtu anayempenda, aliificha nukta moja ya uzi mwekundu ndani ya upindo, mahali ambapo hata mvaaji hawezi kuiona. Hakuna kitu chumbani kilichowahi kusema hivyo. Wala katika seti nzima hapakuwa na uzi mwekundu.

Ilikuwa pale. Ndogo kama jicho la ndege.

Shemeji alikuja akapiga magoti karibu yake. Uso wake ulikuwa umepata damu. Kwa muda mrefu aliitazama ile shuka.

"Shemeji," aliuliza. "Alikuwa dada?"

Mpambaji aliufunika upindo kwa kidole gumba. Akaukunja mkono wa gauni kuelekea ndani, mkunjo juu ya mkunjo, akabana.

"Jini," alisema. "Jini tu, shemeji. Nenda kavae sweta."